Aprili na Barabara Niliyoikata kwa Mdomo

Jumatano, 30 Aprili 2025. Morogoro.

Mvua tangu asubuhi. Milima imejifunika wingu mpaka miguuni, haionekani kabisa, na mimi nashukuru. Leo sitaki kutazamana nayo.

Shajara, tarehe kama hii huwa nina kazi moja tu, kufunga mwezi. Wanaopita hapa kwenye ukurasa wangu wanaujua utaratibu. Naweka yaliyotokea duniani, halafu naweka waliozaliwa, kuanzia wafalme na wachezaji mpira mpaka wasomaji wangu walionitumia picha zao. Watu wanapenda. Wengine hawasomi hata mstari mmoja, wanatafuta jina lao, wakiliona wanaondoka na furaha yao.

Aprili nilikuwa nimeshaiandaa, tena ilikuwa imenoga. Mwanzoni mwa mwezi Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa na dunia nzima ikashika kichwa. Katikati, wanawake sita wakapaa kwa roketi mpaka ukingoni mwa anga wakarudi kabla sufuria ya wali haijakauka maji. Niliandika hivyo hivyo, nikajisifu mwenyewe. Jumatatu ya Pasaka akafariki Baba Mtakatifu, na Jumamosi akazikwa, siku ile ile sisi tuko kwenye sherehe za Muungano. Juzi Hispania na Ureno zikakosa umeme karibu siku nzima, nikaandika kwamba sisi wa Morogoro tunawapa pole, pamoja na ushauri wa bure kuhusu mishumaa.

Chini yake waliozaliwa. Mfalme mmoja wa Ulaya. Waimbaji. Golikipa ambaye wadogo zangu wanampenda kuliko mimi. Na mtoto wa msomaji wa Turiani anayetimiza mwaka, mashavu yamejaa keki.

Sijaichapisha. Jina moja halimo, na aliyekuwa na hilo jina yuko chini ya udongo wa Kinole, huko milimani.

Niseme kwanza alikuwa nani. Bibi Paskalia hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu huko kwa mababu, maana yake alikuwa akija kwa Mjomba Everist anaweza kuondoka na jogoo chini ya kwapa na hakuna wa kumuuliza, na sisi tukipita kwake tunakata mkungu wa ndizi bila kupiga hodi. Nikiwa mdogo nilidhani ni ugomvi. Kila akituona uani alikuwa anapaza sauti kwa Kiluguru kwamba watu wafunge kuku wao, wezi wamefika. Sisi ndio tuliokuwa wezi. Na jogoo wetu anaye yeye.

Utani una upande wa pili, na upande huo ndio ulionifikisha hapa. Mtu akifa, watani wake ndio wafanyakazi wa msiba. Ndio wanaochota maji na kupika, na ndio wenye ruhusa ya kuvuruga majonzi ya watu. Mmoja wao anavaa nguo za marehemu. Anatembea alivyokuwa anatembea, anasema alivyokuwa anasema, anawachokoza wafiwa kwa sauti ya mtu wao mpaka wacheke huku machozi yanatoka. Watu wa mjini wakiona mara ya kwanza hushtuka. Kwetu, mtu akizikwa bila hilo watu hurudi nyumbani wakihisi wamesahau kitu.

Bibi Paskalia alishamchagua wa kumvaa. Alinichagua mimi. Alikuwa analisema hadharani, kwenye harusi, kwenye ubatizo, popote penye watu wa kutosha. "Siku nikifa huyu ndiye atanivaa. Ana miguu mibaya kama yangu." Watu wanacheka, mimi nanuna. Ila nilikuwa najivunia. Hilo sikuwahi kumwambia.

Mwezi wa pili nilipanda Kinole kumsalimia mjomba, nikamkuta bibi yupo uani, kitenge cha jubilei ya parokia kiunoni na yeboyebo za bluu za plastiki miguuni. Alikuwa amesikia kwamba nina ukurasa unaotangaza siku za watu za kuzaliwa. Akaniuliza kama wanaotangazwa ni wazungu tu. Nikamwambia hapana, anipe tarehe yake.

Akasema Jumatatu ya Pasaka.

Nikamweleza, kwa ile sauti yangu ya mtu aliyesoma, kwamba hiyo si tarehe. Pasaka inahama. Mwaka huu iko hapa, mwaka ujao iko kule. Mama yake alimzaa Jumatatu ya Pasaka ndiyo maana akaitwa Paskalia, sawa, lakini ya mwaka gani, ya mwezi gani?

"Basi ikihama na mimi nahama nayo," akasema. "Wewe unashindwa nini kunifuata?"

Na kweli maisha yake yote alihama nayo. Kila Jumatatu ya Pasaka anaamka, anavaa vizuri, anawaambia majirani kwamba amezaliwa leo. Nikampiga picha akiwa amemkumbatia jogoo wetu. Nikamwahidi kwamba mwaka huu Jumatatu ya Pasaka itakapofika, dunia nzima itajua.

Picha ninayo. Iko hapa kwenye simu, jogoo katoa macho, yeye kafumba jicho moja.

Jumatatu yenyewe ilipofika niliamka nikiwa na nia njema. Niseme hilo kwa kujitetea kidogo, halafu sitajitetea tena. Nilikuwa nimeshaanza kuandika maneno ya kumpongeza pale habari ya Baba Mtakatifu ilipoingia. Simu zilianza kuita. Nikaiacha picha ya bibi, nikaandika msiba wa Roma. Watu wakaja kwenye ukurasa kwa wingi ambao sijawahi kuuona, wanasoma, wanasambaza, wanaandika pole zao. Jioni nilikuwa bado nimekaa pale pale nasoma maoni, sijala, nina raha. Raha, shajara. Mtu amekufa na mimi nina raha kwa sababu watu wamekuja kwangu kupata habari kwamba amekufa.

Jumanne nikakumbuka ahadi yangu. Nikasema itachekesha kumpongeza mtu siku imeshapita, nitamweka mwisho wa mwezi na wengine.

Alhamisi alfajiri Mjomba Everist akapiga simu. Bibi Paskalia amefariki. Alikuwa anakohoa tangu Kwaresima, hakuna aliyedhani ni kikohozi cha kuondoka nacho. Maziko Jumamosi. Mjomba hakuuliza kama nitakuja. Alisema tu nije na viatu vya tope.

Hapa naandika polepole.

Mwenye duka ninapofanya kazi, Mzee Nurdin, alipoona uso wangu aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamweleza. Mzee huyu mambo ya utani anayajua kuliko vijana wengi wa kwetu, babu yake alikuwa na duka Kiroka na watani walikuwa wakimchukulia sukari kila akifiwa. Akaniambia Jumamosi nisije dukani. Akanifungia sukari niende nayo msibani, akanipa pole kwa Kiswahili na kwa Kigujarati.

Ijumaa jioni nikafungasha begi. Jumamosi asubuhi nikakaa kitandani na begi mapajani, simu mkononi, na Roma inaanza. Nilijua watu watakuja. Wengine walishaandika kwamba wanangoja nielezee maziko hatua kwa hatua. Nikajiambia nitaandika kidogo tu, halafu nitaondoka.

Huo ni ukweli nusu. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Nitavaaje nguo za mtu niliyemsahau Jumatatu? Nitasimama vipi mbele ya watu niseme kwa sauti yake, na yeye alikufa anangoja jina lake kwenye simu? Nilikuwa na aibu ya Jumatatu. Badala ya kuipeleka Kinole nikaifiche ndani ya kilio kama wenzangu, nikaiongezea ya Jumamosi.

Mjomba alipopiga kuuliza nimefika wapi, nikamwambia tuko njiani tumekwama. Udongo umeporomoka, barabara imekatika, magari hayapiti.

Nilikuwa nimekaa kitandani. Nilikuwa nimevaa soksi.

Mjomba akasema haya, ngojeni hapo hapo. Nikashusha pumzi. Nikadhani mambo yameisha. Nikaandika maziko ya Roma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sijawahi kuandika vizuri vile. Jumatatu Mzee Nurdin akaniuliza msiba umeendaje, nikamjibu tumempumzisha salama. Akasema Mungu amrehemu. Sukari yake iko chini ya kitanda changu mpaka sasa.

Leo mchana, mvua imepungua kidogo, Mama Tekla akaingia dukani. Ni jirani wa Bibi Paskalia, huteremsha ndizi na mdalasini sokoni. Alikuwa amelowa mpaka magotini na ana furushi limefungwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakataa kukaa kwa sababu ataloanisha kiti cha wenyewe.

Akaanza kunisimulia msiba, taratibu, kama mtu anayedhani msikilizaji wake alikosa kwa bahati mbaya. Jumatatu ya Pasaka bibi alivaa mapema akaenda nyumbani kwa Mama Tekla kuomba waangalie kwenye simu kama ametangazwa. Wakakuta ukurasa wote ni Baba Mtakatifu. Mama Tekla akaona bibi atanuna. Bibi akacheka, akasema leo Devota hana nafasi, mwacheni, Baba Mtakatifu ni mkubwa wangu. Jumanne akarudi kuuliza tena. Jumatano hakuweza kutoka, akamtuma mtu.

Mimi nilikuwa napanga kalamu kwenye kisanduku. Nilizipanga zote, nikazimwaga, nikazipanga upya.

Halafu simulizi lake likafika Jumamosi. Alisema maiti ilikuwa tayari, katekista tayari, mvua imekatika. Wakamngoja mvaaji. Mjomba akatoka nje na simu, akarudi akasema Devota amekwama, udongo umeshuka barabarani. Wanaume wakainuka. Wakachukua majembe na sepetu, yale yale waliyochimbia kaburi, wakateremka kwenda kunifungulia njia.

Niliuliza waliteremka mpaka wapi.

"Mpaka chini kabisa, mwanangu, kule kwenye njia kuu," akasema. "Mume wangu alirudi jembe lake halijagusa udongo."

Alilisema bila kunikazia macho. Alikuwa anakamua maji kwenye pindo la khanga yake.

Walirudi wamechoka, jua limeshageuka. Watu wakauliza udongo uko wapi. Mjomba Everist akajibu yeye kabla yao, akasema huenda wenzetu wa chini walishauondoa. Wakamzika bibi hivyo hivyo, bila mtu wa kumvaa, kimya, kama wanavyozika wageni. Mama Tekla alisema hakuna aliyecheka hata mara moja, na kwamba yeye binafsi alimlilia zaidi kwa ajili ya hilo.

Mjomba wangu alikuwa hajawahi kusema uongo mbele ya kaburi. Sasa amesema, na ni wangu.

Nilitaka Mama Tekla aninyooshee kidole. Nilitaka anitukane hapo hapo dukani, Mzee Nurdin asikie, wanunuzi wasikie, iishe. Badala yake akaniwekea furushi juu ya meza ya duka. Akasema tanga lilikuwa lianuliwe Jumatatu, hawakuanua. Wamelisogeza mpaka kesho, Mei Mosi, watu hawana kazi.

"Mjomba wako alisema tusubiri barabara ifunguke," akasema. Kisha akaaga, akajitanda mfuko kichwani, akatoka.

Anajua. Wote wanajua. Mwezi mzima nimekusanya habari za dunia, na nilikuwa wa mwisho kujua kwamba Kinole nzima inajua.

Mzee Nurdin alikuwa nyuma ya rafu za madaftari. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuja akaangalia furushi, akaangalia kalamu zangu, akasema kesho ni sikukuu, duka atakaa mwenyewe. Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, akauliza ile sukari haijaloa?

Nikamwambia haijaloa, Mzee. Bado iko kwangu.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuhesabu bahasha. Natamani angenifukuza kazi.

Sasa ni jioni, adhana ya magharibi imepita na mvua imerudi kwa nguvu. Furushi nimelifungua. Kuna kitenge cha jubilei, kimefuliwa na kukunjwa, na yeboyebo za bluu. Kwenye kisigino cha moja kuna tope lililokauka, tope lake, la Pasaka. Sikulitoa.

Nimevaa. Nimejifunga kitenge juu kidogo, alivyokuwa anajifunga. Yeboyebo hazinipwayi hata kidogo, zimenikaa sawasawa, na hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa sijalia tangu Alhamisi, nilidhani nina moyo mgumu. Bibi alikuwa anasema kweli kuhusu miguu yetu, na mimi nilidhani ananitania tu.

Nikatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, nikijaribu ule mwendo wake wa kurusha bega moja mbele. Mara ya kwanza nilikuwa mimi. Mara ya pili nilikuwa mimi ninayeigiza. Nikafumba jicho moja kama kwenye ile picha, nikageuka kwenye kioo, na sauti ikatoka bila kuitafuta, ya kukwaruza, ya mtu aliyekohoa tangu Kwaresima.

"Fungeni kuku wenu. Barabara iliyokatika imefika kwa miguu yake."

Nilicheka kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikakaa sakafuni na kitenge chake nikajifunika uso.

Ndivyo angesema. Hakuna mwingine duniani ambaye angesema hivyo, na kesho inabidi nilitamke hilo uani kwake, mbele ya mjomba, mbele ya mume wa Mama Tekla na wenzake waliobeba majembe. Wakicheka, watakuwa wananicheka mimi. Nadhani ndicho alichokuwa ananichagulia miaka yote, ila sikuwa nimefikiria kwamba wa kuchokozwa kwa sauti yake nitakuwa mimi mwenyewe wa kwanza. Wasipocheka, sijui. Hilo ndilo ninaloliwaza tangu nirudi kutoka dukani. Wanaweza kunitazama tu.

Aprili sitaichapisha ile niliyoiandaa. Ushuru, roketi, giza la Hispania, mfalme na golikipa, mtayapata kwingine. Msomaji wa Turiani anisamehe, mtoto wake nitampongeza Mei, mashavu yake hayaendi popote. Ya kwangu ni haya tu: mwezi huu alizaliwa Paskalia wa Kinole, Jumatatu ya Pasaka, kama kila mwaka. Akafa mwezi huu huu. Aliahidiwa kutangazwa na hakutangazwa, na aliyemwahidi ni mimi, Devota. Siku ya maziko yake barabara ya Kinole ilikuwa nzima. Niliikata mimi, kwa mdomo, nikiwa nimekaa kitandani. Mjomba, kama kuna mtu atakusomea hapa, nisamehe, na usiseme tena kwa niaba yangu.

Picha yake naiweka chini ya maneno haya. Mwenye kucheka na acheke, yeye angefurahi.

Mvua haipungui. Nimekuwa nikisikiliza bati na kuwaza jambo la kijinga, kwamba usiku huu udongo ushuke kweli, barabara ikatike kweli, na mimi niwapigie simu kuwaambia. Nani ataamini? Nani atainuka tena?

Kwa hiyo nimeenda kwa mama mwenye nyumba kuazima. Hakuniuliza la nini, alidhani nataka kuzibua mtaro. Alfajiri naondoka na gari la kwanza, na pale litakaposimama, kama litasimama, nitashuka. Begi liko mlangoni, sukari ya Mzee Nurdin iko juu yake, na jembe limeegemea ukutani.